Chatu kahamia nyuma ya nyumba: mambo ya kuweka sawa kabla hajaingia bandani

Chatu akionekana tu kwenye kichaka watu wanakimbilia panga, halafu wiki ikipita kimya wanasahau. Mimi nasema panga liache, kazi ianze siku ile ile, maana chatu hakai mahali bure, kafuata msosi na maficho, ukimuua huyo na hivyo viwili vikabaki mwingine atakuja tu.

Kwanza uhakikishe ni chatu kweli. Mkubwa hana utata, mita tatu mpaka tano na unene ule huku kwetu hakuna nyoka mwingine, ila mdogo ndo anachanganya watu na kifutu kwa vile wote wana rangi za kahawia. Kifutu ni mfupi, kanenepa, mkia kidogo, mgongoni ana michoro kama herufi V, na sumu yake sio ya mchezo. Chatu hana sumu, yeye anabana. Kama hujui ni yupi we rudi nyuma, hesabu kwamba ana sumu, basi.

Sasa banda, hapa ndo penye kazi. Chatu anawinda zaidi usiku na kwenye midomo ana vitundu vya kuhisi joto la mnyama, kwa hiyo giza halimsumbui hata kidogo, mbuzi aliyefungwa kamba nje usiku ni kama umemwekea mezani. Mbuzi, kuku, bata na mbwa walale ndani, mlango ufike chini kabisa, wavu upigiliwe misumari sio kuegeshwa. Wengi wanaziba chini wanasahau uwazi wa juu karibu na bati, na chatu anapanda vizuri tu. Halafu akishameza kuku tumbo linajaa anashindwa kutoka kwa tundu aliloingilia, asubuhi yuko humo humo kajikunja, kwa hiyo kabla hujaingiza mkono kuokota mayai mulika tochi kona zote.

Uani fyeka majani, ondoa magogo, mabati chakavu na yale matofali yaliyokaa tangu msingi. Kichuguu chenye mashimo au shimo la zamani la muhanga usilichokonoe kwa fimbo, jike anataga humo na anayalalia mayai yake mwenyewe mpaka yaanguliwe, hapo hana utani. Wala usichome kichaka, moto utamtoa huko umlete mlangoni kwako. Kumwaga mafuta ya taa, oili chafu, vitunguu saumu kuzunguka nyumba ni kupoteza hela tu.

Namba tafuta leo: afisa wanyamapori wa halmashauri, TAWA (mamlaka ya wanyamapori Tanzania), mwenyekiti wa mtaa, na kwa Kenya ni KWS, shirika lao la wanyamapori. Ukimwona piga picha kwa mbali, andika saa na mahali, hiyo inawasaidia kuliko kelele. Ni mnyamapori, kwa Tanzania sheria ya wanyamapori ya 2009 inamhusu, kwa hiyo kumuua kiholela au kuuza ngozi yake kunaweza kukuletea kesi. Na uwasikilize majirani, sehemu nyingine chatu ana heshima yake, Nyakach kule Kisumu wanamwita Omieri na wazee wanamhesabu ni wa heri, ukikurupuka na panga huko utagombana na kijiji kizima.

Watoto wasiende mtoni au kuchunga peke yao, hasa jioni, na mtu mzima naye asijione mwamba. Mwaka 2009 kule Sabaki karibu na Malindi chatu alimnasa mwanamume mzima shambani akamburuta mpaka juu ya mti, jamaa akamfunika kichwa kwa shati lake asimezwe, na alipolegezwa kidogo akatoa simu mfukoni akaita msaada, polisi na wanakijiji wakaja na kamba. Kwa hiyo simu iwe na chaji na mkae wengi. Mtu akibanwa msivute hovyo, mnaanza kumfungua chatu kutoka mkiani, mwingine anadhibiti kichwa. Aking'ata usichomoe mkono kwa nguvu, meno yake yamepinda kurudi ndani, yatachana nyama. Akishaachia osha kwa maji mengi na sabuni, nenda hospitali wakasafishe kidonda na uulizie sindano ya pepopunda.