Video ikikwama nyumbani, itazame seva kwanza

Video inapokwama kila mara ilhali faili limo katika seva yako mwenyewe, yaani kompyuta ya nyumbani inayohifadhi na kutuma video, usikimbilie kuilaumu intaneti, kwa kuwa data hiyo husafiri ndani ya mtandao wa nyumbani pekee. Fungua ukurasa wa usimamizi wa Jellyfin au Plex, programu zinazotuma video kutoka kwenye seva hiyo, wakati video ikicheza, uone kama seva inalituma faili jinsi lilivyo au inalibadilisha umbizo. Ikiwa inalibadilisha, zima manukuu yaliyohifadhiwa kama picha, hasa yale ya diski za Blu-ray, kwani mara nyingi huilazimu seva kuyachora upya juu ya video nzima, kazi inayoielemea sana prosesa. Vinginevyo chunguza waya: televisheni nyingi zina tundu la mtandao lenye kikomo cha megabiti 100 kwa sekunde, na filamu ya 4K isiyobanwa zaidi huweza kukivuka.