Somo: DVR ya kununua au ya kukodi? Piga hesabu kabla hujasaini

Somo hili ni kwa mnaoishi Marekani, ambako kampuni za kebo na setilaiti hukupa king'amuzi chenye DVR (mashine ya kurekodi vipindi vya televisheni ili uvitazame baadaye) ndani yake, kisha hukutoza ada kila mwezi kwa muda wote utakaokaa nacho. Sisemi kukodi ni kosa. Kuna nyumba ambazo kukodi ndiko kunakofaa, na nitazitaja. Kinachoniuma ni kuona mtu analipia miaka na miaka mashine ambayo bei yake ilisharudi zamani, kwa sababu tu hakuna aliyemwonyesha namna ya kuhesabu. Chukua bili yako ya mwezi uliopita, kalamu na karatasi, tuanze.

Hatua ya 1: Soma bili mstari kwa mstari

Usiishie kwenye jumla iliyo chini. Nenda kwenye sehemu ya vifaa. Mara nyingi utakuta DVR imegawanywa mistari miwili: mmoja ni kukodi king'amuzi chenyewe, wa pili ni "huduma ya DVR", yaani ruhusa ya kurekodi kwa king'amuzi hicho hicho. Anayeona mstari wa kwanza peke yake atadhani analipa, tuseme, dola 12 kumbe ni 22. Kama una televisheni zaidi ya moja, tafuta na ada ya kila televisheni ya ziada. Zungushia yote hiyo kwa kalamu.

Sasa kata mistari ambayo haihusiki. Ada ya chaneli za hewani na ada ya michezo ya kanda ni za kifurushi, si za mashine. Hata ukinunua DVR ya kisasa kuliko zote, utaendelea kuzilipa maadamu umebaki na kifurushi hicho. Nimeona hesabu nyingi zikiharibika hapa: mtu anajumlisha kila kilichomuudhi kwenye bili, anapata akiba kubwa ya karatasini, kisha mwezi wa kwanza bili inakuja karibu ile ile.

Hatua ya 2: Jua chaneli zako zinaingiaje nyumbani

Hatua hii ndiyo yenye uamuzi, na ndiyo inayorukwa zaidi. DVR unayonunua haina maana kama haiwezi kufungua mawimbi unayopokea.

Kama ni antena, una uhuru wote. Tangu tarehe 12 Juni 2009, vituo vikubwa vya televisheni Marekani vinarusha matangazo kidijitali, bila malipo na bila kufungwa kwa msimbo wa siri, isipokuwa baadhi ya matangazo ya mfumo mpya nitakaouzungumzia kwenye maswali. Mashine kama HDHomeRun au Tablo unaichomeka kwenye antena na kwenye ruta, nayo inarusha picha kwa televisheni zote za nyumbani kupitia programu.

Kama ni kebo, mlango umekuwa ukifungwa pole pole. Zamani FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ilizilazimisha kampuni za kebo kutoa CableCARD, kadi ndogo unayoichomeka kwenye DVR yako ili ifungue chaneli ulizolipia. Mwaka 2020 sharti hilo liliondolewa. Baadhi ya wateja bado wana kadi zao na zinafanya kazi, lakini mimi nisingemshauri mtu leo anunue mashine mpya kwa kutegemea kadi ambayo kampuni hailazimiki tena kuitoa. TiVo yenyewe, iliyoanza kuuza DVR mwaka 1999 na kuwafundisha Wamarekani kusimamisha matangazo ya moja kwa moja, iliacha kuuza mashine mpya mwaka 2025.

Kama ni setilaiti, utatumia king'amuzi cha kampuni yenyewe. Usipoteze pesa kutafuta cha nje.

Kama unatazama kwa intaneti, DVR yako iko kwenye seva za kampuni na hakuna kifaa cha kununua. YouTube TV, kwa mfano, haina kikomo cha vipindi unavyohifadhi, ila kila kimoja hukaa miezi 9 tu.

Hatua ya 3: Andika gharama zote za kumiliki

Bei ya mashine ni mwanzo tu. Ongeza diski ya kuhifadhia kama haimo ndani. Ongeza antena na waya wake. Kisha uliza swali ambalo muuzaji hatalitaja kwanza: je, ratiba ya vipindi inalipiwa? Bila ratiba, mashine haijui kipindi chako kinaanza saa ngapi wala kuwa leo kimesogezwa mbele, na DVR inageuka kuwa saa ya kutegesha kwa mkono. Baadhi ya kampuni hutoza ratiba kwa mwezi, nyingine kwa mwaka, nyingine mara moja tu. Tablo ya kizazi cha nne, iliyotoka mwaka 2023 kwa dola 99.95, haina ada hiyo kabisa.

Kuhusu diski, msitishwe na maneno ya "maelfu ya saa". Chaneli moja ya hewani ya mfumo wa sasa haiwezi kuzidi megabiti 19.39 kwa sekunde. Ukizidisha, unapata takriban gigabaiti 8.7 kwa saa, na hicho ndicho kiwango cha juu kabisa. Kwa hiyo diski ya terabaiti moja inabeba saa 115 hivi kwa hali mbaya kuliko zote, na kwa kawaida zaidi, kwa kuwa vituo vingi hugawana mawimbi hayo kati ya chaneli kadhaa. Kwa familia inayofuta ilichokwisha kutazama, terabaiti moja inatosha sana. Anayekuuzia nne mwulize za nini.

Umeme usiusumbukie mno. Mashine ya wati 20 inayowaka mwaka mzima inakula takriban uniti 175, na king'amuzi cha kukodi nacho kinakula umeme, kwa hiyo tofauti ni ndogo. Tatizo ni pale unapowasha vyote viwili.

Hatua ya 4: Tafuta mwezi wa kurudisha pesa

Kanuni ni hii: chukua jumla ya manunuzi, gawanya kwa tofauti kati ya ada unazoacha kulipa na ada mpya utakayolipa kila mwezi.

Tuchukue mfano, na nyinyi mtaweka tarakimu za bili zenu. Tuseme unalipa dola 12 za king'amuzi na dola 10 za huduma ya DVR, jumla 22. Upande wa kununua, mashine na diski na antena vinafika dola 350, na ratiba ni dola 5 kwa mwezi. Tofauti ni 17. Gawanya 350 kwa 17, unapata 20 na ushee. Maana yake hadi mwezi wa 20 aliyekodi bado yuko mbele yako, na kuanzia wa 21 wewe ndiye unayebaki na pesa. Baada ya miaka mitano aliyekodi atakuwa ametoa dola 1,320, wewe 650.

Hapo pana mtego mmoja. Anayehamia antena anaacha pia kifurushi cha kebo, na kifurushi ni pesa nyingi kuliko mashine. Usizichanganye akiba hizi mbili. Akiba ya kifurushi inatokana na kuacha chaneli fulani, na ungeweza kuipata hata bila kununua DVR yoyote. Ukiziweka pamoja, DVR ya bei mbaya itaonekana nzuri. Fanya hesabu ya mashine peke yake, kisha kaeni kama familia muulizane kama mtaweza kuishi bila zile chaneli. Kama mzee nyumbani hawezi kukaa bila chaneli fulani ya mpira iliyo kwenye kebo tu, hakuna kanuni itakayobadilisha hilo.

Hatua ya 5: Jiulize utakaa muda gani

Kama mkataba wa nyumba yako unaisha baada ya mwaka mmoja na hujui unahamia wapi, na mwezi wako wa kurudisha pesa ni wa 21, kodi tu. Kukodi kunakufaa pia kama hutaki kabisa kushughulika na nyaya na ruta: king'amuzi kikifa, unapiga simu wanakubadilishia. Chako kikifa baada ya dhamana, ni juu yako, na kinachokufa kwanza kwa kawaida ni diski, maana inazunguka usiku na mchana.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwetu kuna televisheni tatu, na kila ya ziada natozwa dola 10. Hesabu yako inabadilika?

Jibu: Marahaba. Inabadilika sana, na ni nyumba kama yako ndizo zinazoumizwa zaidi na kukodi. Televisheni mbili za ziada ni dola 20 kwa mwezi. Kwenye mfano wetu, tofauti inapanda kutoka 17 hadi 37. Gawanya 350 kwa 37: miezi 9 na nusu. Mashine ya antena inayorusha kupitia ruta haitozi kwa kila televisheni. Ila angalia idadi ya tyuna. Mashine ya tyuna mbili inashughulikia chaneli mbili kwa wakati mmoja, iwe ni kurekodi au kutazama. Kwa televisheni tatu zenye watazamaji wabishi, chukua ya tyuna nne, na uongeze bei hiyo kwenye hesabu.

Swali: Kaka, nilirudisha king'amuzi chao tangu mwezi wa pili, lakini bado bili ina ada ya kifaa. Nikipiga simu wananiambia ni ya kawaida. Ni sawa?

Jibu: Si sawa, dada. Kuna sheria ya shirikisho ya kulinda watazamaji wa televisheni, iliyotiwa saini Desemba 2019, na kifungu cha vifaa kikaanza kutumika tarehe 20 Desemba 2020. Inakataza kampuni kukutoza kwa kifaa ambacho haikukupa au ambacho umekwisha kukirudisha, na inakataza kukutoza kwa kutumia kifaa chako mwenyewe. Modemu na ruta za intaneti zimo pia, kwa hiyo wenye modemu zao na bado wanalipa ada ya modemu nao waangalie bili. Waandikie, usipige simu tu. Taja tarehe uliyorudisha na namba ya risiti. Wakikataa, peleka malalamiko FCC kupitia tovuti yao, haina gharama, na kampuni inatakiwa kukujibu.

Swali: Nimeona TiVo ya mtumba yenye "huduma ya maisha". Ni maisha ya nani?

Jibu: Ya mashine. Huduma hiyo, yaani ratiba iliyolipiwa mara moja tu, imefungwa kwenye namba ya kifaa, si kwenye jina la mwenye nacho. Ndiyo maana inaweza kuuzwa pamoja na mashine, na ndiyo maana inakufa nayo. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akuonyeshe kwenye skrini hali ya usajili, ulinganishe na namba iliyobandikwa nyuma ya mashine. Halafu uliza umri wa diski. Mimi ningelipa bei ndogo tu, kwa kuwa kampuni imeshaacha kutengeneza mpya.

Swali: Nasikia kuna mfumo mpya wa matangazo ya hewani, ATSC 3.0. Nikinunua sasa si nitakuwa nimenunua kitu kilichopitwa?

Jibu: FCC iliruhusu mfumo huo mwaka 2017, kwa hiari ya vituo. Shida yake kwa wenye DVR ni kwamba baadhi ya vituo vimefunga matangazo hayo kwa msimbo wa siri, na mashine zisizo na kibali haziwezi kuyafungua, sembuse kuyarekodi. Matangazo ya mfumo wa zamani yanaendelea kurushwa sambamba. Kwa hiyo usilipe zaidi kwa sababu tu sanduku limeandikwa 3.0. Nunua ya bei nafuu ya mfumo wa sasa ambayo pesa yake itarudi ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ikirudi mapema, mabadiliko yakija hayatakuumiza.

Swali: Kurekodi mwenyewe nyumbani si kuvunja sheria ya hakimiliki?

Jibu: Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwenye kesi ya Sony na Universal kwamba kurekodi kipindi cha hewani nyumbani ili ukitazame baadaye ni matumizi halali. Kuuza nakala au kuzisambaza ni jambo jingine.

Swali: Nimeamua kuacha kukodi. Nianzie wapi ili wasije wakanidai?

Jibu: Kwanza tazama vipindi ulivyohifadhi, maana vikiondoka na king'amuzi huvipati tena. Weka mashine yako mpya na uitumie wiki mbili huku cha kukodi bado kipo, uone kama chaneli zako zote zinaingia vizuri. Ndipo urudishe. Piga picha ya namba ya kifaa iliyo nyuma au chini, rimoti na waya wa umeme vyote vikiwemo, kisha peleka mwenyewe dukani kwao na usitoke bila risiti yenye namba ile ile. Ukituma kwa posta, tunza namba ya kufuatilia mzigo mpaka bili mbili zifuatazo zije bila mstari wa kifaa.