Kuzimia wakati unapanda juu: wazamiaji someni hapa kabla ya bamvua

Hii ni ya vijana wanaozamia kwa pumzi zao wenyewe, wale wa mikuki na pweza wa maji makubwa, na nyie wa makachu, mnaojirusha baharini pale Forodhani, mkianza kushindana nani atakaa chini zaidi. Wa mitungi ya hewa wana mambo yao mengine.

Mtu akipotea majini utaskia kavutwa na mkondo, mara jini, mara kaganda miguu. Inawezekana mkondo kweli, lakini mzamiaji mzoefu mara nyingi anazimia akiwa anapanda, zimebaki mita chache afike juu, au hata kichwa kishatoka na kashavuta pumzi moja, afu anazama kimya, hapigi kelele wala hatapitapi. Wazungu wanaita blakauti, neno walilokuwa wakilitumia kwenye kuzima taa za jukwaani, baadae likawa la miji ya Uingereza kuzimwa taa usiku kuanzia 1939 ili ndege za Mjerumani zisione pa kupiga, na sisi Unguja tulilizoea ile miezi mitatu ya kiza umeme ulipokatika tangu Disemba 2009. Huku kwetu majini kinachozima ni ubongo.

Inakuwaje? Kinachokufanya utamani kupumua sanasana sio oksijeni kupungua, ni kabonidayoksaidi, ile hewa chafu tunayoitoa tukipumua, kujaa mwilini. Ukihema harakaharaka kabla ya kuchupa kama wengi wanavofanya, oksijeni hujaongeza cha maana, umeitoa kabonidayoksaidi tu, kwahiyo ile hamu ya kupumua inachelewa na unajiona leo uko fiti kwelikweli. Afu kuna presha ya maji. Mita 10 chini presha ni mara mbili ya huku juu, hewa ya mapafuni inabanwa na oksijeni inaendelea kuingia kwenye damu vizuri hata kama imebaki kidogo, unajiskia poa, ushamuona pweza shimoni unamngoja atoke. Ukipanda ile presha inarudi nusu, oksijeni inakuwa haitoshi ghafla, basi umekata. Hakuna dalili ya kukutahadharisha, na wapo wanaozinduka wakabisha hawajazimia.

Sasa fanya hivi. Kabla ya kuzama pumua polepole kawaida tu mpaka moyo utulie, ukihisi vidole vinawashawasha au kichwa chepesi ushahema sana, ngoja. Ukitoka juu usirudi chini mbio, pumzika angalau mara mbili ya muda uliokaa chini, na kama ulienda kina kirefu ongeza. Mkanda wa risasi, ule wa vyuma vizito vya kukuzamisha, ufunge fundo la kufunguka kwa mkono mmoja, na uzito usiwe mwingi mpaka ukikaa juu bila kuogelea unazama, mana huo ndo unaowamaliza watu. Ukifika juu usipulize hewa yote nje, toa kidogo vuta haraka, toa kidogo vuta, mara tatu nne.

La muhimu kupita yote ni mwenzio. Wawili mkizamia pamoja kwa wakati mmoja ni sawa na kila mtu kuwa peke yake, mmoja azame mwengine abaki juu anamwangalia, na akishatoka endelea kumwangalia kama nusu dakika nzima, hata akikwambia niko sawa. Najua wavuvi mtasema hivo samaki watapungua. Watapungua kweli.

Ukiona anatoa mapovu mengi njiani, anatetemeka, midomo imekuwa buluu au macho kakodoa hajibu, mfate. Mvue mkanda, mtoe uso nje ya maji, vua miwani, mpulizie usoni, mpige vikofi vidogo shavuni na umwite jina lake. Wengi wanazinduka kwa sekunde chache. Asipopumua mpulizie pumzi mdomoni hapohapo kama unaweza, umpandishe kwenye chombo au ufukweni, mpe pumzi tano, afu kandamiza kifua katikati mara 30 na pumzi 2, rudia bila kuacha. Kifua kizame kama sentimita 5 kwa mtu mzima, kasi mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Kumning'iniza kichwa chini au kumbana tumbo ili maji yatoke msifanye, yanapoteza muda na yanaweza kumtapisha matapishi yakaingia mapafuni.

Akizinduka mlaze ubavu, mfunike, kuzamia kwa siku hiyo basi. Kama kameza maji, anakohoa au kifua kinabana mpelekeni hospitali, Mnazi Mmoja au kwa Pemba Chake, Wete, Mkoani popote palipo karibu, hata kama anang'ang'ania kwenda nyumbani, kwasababu mapafu yanaweza kuharibika masaa kadhaa baadae mtu akiwa kitandani kwake.