Ukiokota kisarafu kondeni usikisugue

Jamani mnaolima huko Pemba, jembe likikutolea kisarafu chembamba cheusi, ukingo hauko sawa, maandishi ya Kiarabu yashalika, usikimbilie ndimu na majivu, ule weusi ni madini ya fedha yenyewe yamebadilika juu, ukisugua unaondoka na herufi zilobakia na hizo ndo zenye maana. Suuza kwa maji matupu kikauke, kifunge kwenye karatasi peke yake, piga picha pande zote mbili na uandike umekiokota wapi hasa. Usidharau udogo, Mtambwe Mkuu, mji wa kale hukohuko Pemba, mwaka 1984 zilitoka sarafu zaidi ya 2,000 za fedha na nyingi vidogo hivyohivyo. Kisha wapelekee watu wa Makumbusho na Mambo ya Kale, sio sonara, huyo atakipima uzito tu akiyeyushe.