Kabla Hujaiamini Sahani Tupu

Kijana yeyote anayeingia maabara yetu hapa Malindi mimi humpa daftari kabla sijampa koti. Namwambia andika. Nawe andika, maana siku ya kuthibitisha mbinu ya kupima vijidudu kwenye dawa hutapata nafasi ya kuniuliza.

Kuthibitisha ni kuonyesha kwa namba kwamba kipimo chako kinaweza kumwona mdudu akiwemo. Basi. Wengi hudhani ni kujaza faili.

Itifaki iandikwe na itiwe sahihi kabla ya sahani ya kwanza ya kuoteshea vijidudu kumwagwa, na vigezo vya kufaulu viwe humo. Ukiviandika baada ya kuhesabu, umejitungia mtihani ukiwa na majibu mkononi.

Vijidudu nunua vyenye cheti: Staphylococcus aureus, Pseudomonas aeruginosa, Bacillus subtilis, Candida albicans, na Aspergillus brasiliensis, ambaye karatasi za zamani bado zamwita niger. Usivizalishe kizazi baada ya kizazi mpaka vikasahau kwao. Vizazi vitano kutoka mbegu ya asili, yaani kuhamishwa mara tano kwenye chakula kipya, ndio mwisho. Kisha ongeza mdudu wako mwenyewe, yule unayemwokota kila mara kwenye maji ya kiwanda. Hao watano ni wageni. Yule ndiye mwenyeji.

Midia, kile chakula cha kuoteshea, ijaribiwe kila bechi kama inaotesha, kwa vijidudu visivyozidi 100. Aga, ile jeli ya midia, ikiyeyushwa isimwagwe ikiwa imezidi digrii 45. Ukiishika chupa ukaruka, jua umeshawapika.

Joto nalo. Sahani za bakteria hukaa digrii 30 hadi 35, za ukungu na hamira 20 hadi 25. Hiyo 20 hadi 25 imeandikwa na watu wa nchi za baridi. Malindi mwezi wa Machi, chumba kikifungwa jioni, hakihitaji msaada wa mtu kupita 30, na inkubeta ya kawaida, lile kabati la kuoteshea, yajua kupasha tu, kupoza haijui. Niliwahi kukuta mahali sahani za ukungu zimepangwa juu ya kabati, na kwenye daftari imeandikwa “joto la kawaida la chumba”. La kawaida la wapi? Limuru, kule milimani kwenye baridi? Tafuta inkubeta yenye kupoza, weka ndani kipimajoto chenye kumbukumbu, katikati ya sahani na si mlangoni, ukiache wiki nzima, Jumapili ikiwemo. Stima ikipotea usiku ujue ilipotea saa ngapi na ilirudi lini.

Sasa geuza ukurasa, hili lataka nafasi.

Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye karakana ndogo iliyotengeneza krimu ya ngozi yenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu. Kanuni ya dawa ya kupaka inajulikana: bakteria wasizidi 100 kwa gramu, ukungu na hamira wasizidi 10, na Staphylococcus aureus na Pseudomonas aeruginosa wasionekane kabisa kwenye gramu moja. Nikapima kama kitabu kinavyosema, gramu 10 ndani ya mililita 90 za kizimulio, yale maji ya kuipunguza ukali, kisha mililita moja kwa sahani. Sufuri. Bechi ya pili, sufuri. Miezi ikapita, sufuri tupu, bosi anacheka na mimi natembea kifua mbele. Kuthibitisha mbinu sikuthibitisha. Nilijiambia hii ni mbinu ya Farmakopia ya Marekani, kile kitabu cha viwango vya dawa, sura ya 61, imeshathibitishwa na wakubwa, mimi nani nianze kuipekua.

Akanipigia simu mzee mwenye duka la dawa Lamu. Hakutaka kueleza kwa simu. “Ndoo utezame mwenyewe, mwanangu,” yaani njoo utazame, kwa Kiamu. Nikapanda basi alfajiri hadi Mokowe, nikavuka kwa boti, nikafika Amu, ndiyo Lamu, adhuhuri. Duka lake liko kwenye kichochoro ambacho punda wawili hawapishani. Aliniwekea kopo juu ya meza, akalifungua, akasogea nyuma. Mafuta yamejitenga, ukingoni pana rangi ya kijani, na harufu tamu tamu kama zabibu zilizochacha. Aliyewahi kuotesha Pseudomonas hahitaji kuambiwa. Kopo lilikuwa limerudishwa na mama mmoja aliyetaka kumpaka mwanawe upele. Alinusa kwanza, alhamdulillahi.

Mzee hakunigombeza. Aliniuliza tu, “Hii mliipima?” Nikajibu naam. Akanitazama, akalifunika kopo. Afadhali angenitukana.

Niliporudi nikatoa kabatini kopo la akiba la bechi ile ile, nikalipima kwa njia yangu ya siku zote. Sufuri. Hapo ndipo jasho lilipoanza. Nikachukua krimu iliyozimuliwa vile vile, nikatia kwa makusudi Pseudomonas wapatao 60, nikamwaga sahani. Kwenye maji ya bafa peke yake, yasiyo na dawa yoyote, waliota 57. Kwenye krimu wakaota wanne. Kumbe klorheksidini niliyokuwa naibeba kutoka kwenye kopo ilikuwa ikiendelea na kazi yake ndani ya sahani yangu, inawakaba wadudu waliojeruhiwa wasiinuke. Kule dukani, wiki baada ya wiki kwenye joto, dawa ikifungwa na mafuta na gamu, wale wachache wakajizoesha na kuzaana. Nilikuwa nimepima nguvu ya dawa kuwazuia wadudu kwenye sahani, nikaandika “safi”.

Nikatia lesithini na polisobeti 80, vitu vya kuizima klorheksidini, kwenye kizimulio, nikarudia kopo lile la akiba. Sahani ikatoa koloni 38, vile vichaka vya wadudu vinavyoonekana kwa macho. Zidisha kwa 10, maana krimu ilizimuliwa mara 10, uone kwa kila gramu tulikuwa tunauza nini. Chanzo tulikipata baadaye: mpira wa kuhamishia maji, umelazwa sakafuni kila jioni na maji ndani yake, utelezi umejaa kama mwamba wa pwani.

Kwa hiyo andika. Mbinu iwe ya kitabu au ya mjomba wako, ithibitishe kwa bidhaa yako. Kila dawa ina kitu chake cha kuizima: lesithini na polisobeti kwa klorheksidini na jamaa zake, thiosalfeti kwa ayodini, penisilinesi kwa penisilini, magnesi kwa EDTA, kemikali inayonasa madini. Alkoholi mara nyingi yatosha kuizimua. Na kizimio chenyewe huweza kuwa sumu, kwa hivyo fanya makundi matatu siku moja: wadudu kwenye bidhaa na kizimio, wadudu kwenye kizimio peke yake, wadudu kwenye bafa tu. Waliopona kwenye bidhaa wawe kati ya asilimia 50 na 200 ya wale wa bafa. Kundi la katikati likianguka, usiilaumu krimu. Mchuzi wa wadudu unaotia usizidi asilimia 1 ya ujazo, la sivyo wewe mwenyewe umeizimua dawa ukajisifu.

Wapo watakaokushauri uzimue zaidi, moja kwa 100, tatizo liishe. Hesabu kwanza. Kwa moja kwa 100, koloni moja tu ni 100 kwa gramu. Utawezaje kuonyesha kwamba ukungu hauzidi 10? Huo ni upofu wa aina nyingine. Kama bidhaa inapita kwenye chujio, chuja kwa utando wa mikromita 0.45 na uoshe, lakini nao uoshaji uuthibitishe, maana kuna dawa zinazong'ang'ania utando.

Msambazaji akibadilisha kihifadhi, rudia. Fomula ikiguswa, hata “kidogo tu”, rudia. Kidogo tu ya watu wa uzalishaji naijua. Sahani mbili zisizotiwa kitu ziwemo kila siku. Mtu wa pili arudie siku nyingine, si yule yule na mkono ule ule. Namba mbaya usiifute, ipige mstari mmoja isomeke. Tarehe ya midia itazame. Mizani pia. Madirisha yafungwe, hasa kusi ikivuma na vumbi la barabarani. Maji ya kisima yenye chumvi yasikaribie otoklevu, ule mtungi wa kuua vijidudu kwa mvuke. Simu isiingie kwenye kabati la hewa safi, wala pete, wala kahawa.

Na feni ya dari izime. Najua joto. Izime.