Kwa baiskeli kutoka Mombasa hadi korongo la Marafa

Mteja akija kibandani kwangu Kisauni akasema anataka kwenda Marafa kwa baiskeli, kwanza nainama natazama tairi. Lami ya hadi Malindi haina neno, hata baiskeli ya kuuzia mkate inafika. Ukishaingia bara ya Magarini ndipo utakutana na mchanga na miiba ya migunga.

Funga tairi pana. Kisha tafuta tairi kuukuu, kata waya zake za pembeni, utepe uliobaki uupachike baina ya tairi na tyubu. Baiskeli itakuwa nzito kidogo, vumilia. Ukipata pancha usikimbilie kiraka: mwiba huvunjikia ndani ya tairi, na ukitia tyubu nyingine bila kuutoa, hufiki mbali. Pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima. Kitanasa penye ncha, uing'oe kwa koleo. Halafu piga msasa, paka solusheni, ngoja ikauke hata isinate kidoleni, ndipo ubandike. Watu wengi hubandika mbichi, kisha humlaumu fundi. Penye mchanga mwingi punguza upepo kidogo.

Nenda kati ya Julai na Septemba. Masika yamekwisha, na kusi itakusukuma mgongoni na ubavu wa kulia. Januari utapigana na kaskazi usoni hadi Malindi, na jua la mwezi ule si mchezo.

Ukitoka kisiwani, vuka daraja la Nyali baada ya sala ya alfajiri, kabla matatu hazijachangamka. Lala Kilifi, kama kilomita 60. Kesho yake kama hizo tena hadi Malindi, Msitu wa Arabuko-Sokoke ukiwa kushoto kwako. Hapo Malindi beba maji lita 5 kila mtu, na soda usinihesabie. Tia chumvi kidogo, sukari na ndimu kwenye chupa moja. Vuka daraja la Sabaki, kisha shika njia ya bara; hazifiki kilomita 50.

Korongo lenyewe wenyeji wanaliita Nyari. Shuka alasiri, maana mchana kule chini ni tanuri. Baiskeli iache juu, lipa kiingilio, ufuatane na kijana wa kijijini. Kuta ni nyeupe, waridi, chungwa na nyekundu, zimechongwa na mvua na upepo, kwa hiyo usipande nguzo zake: zinamomonyoka. Atakusimulia matajiri waliooga maziwa hadi Mungu akawadidimiza. Weupe ni maziwa yao, wekundu damu yao. Mimi nakipenda kisa hicho kuliko habari za mvua.

Kurudi, usishindane na kusi. Panda matatu Malindi, patana nauli ya baiskeli kabla haijapandishwa kwenye keria, na kamba ufunge mwenyewe, upande wa cheni ukiwa juu.