Kusoma Kirundi kwa sauti yake: mwongozo kwa Mswahili anayeanza akiwa ughaibuni

Anayejua Kiswahili akifungua maandishi ya Kirundi kwa mara ya kwanza hupata moyo upesi. Herufi ni zile zile, irabu ni tano zile zile, na maneno kama "gusoma", "inyama" na "igitabo" hayahitaji kamusi. Kisha anasoma sentensi mbili mbele ya bibi aliyezaliwa Ngozi au Muyinga, huko Burundi, na bibi anauliza, "Umesemaje?" Maandishi ya kawaida ya Kirundi hayaonyeshi urefu wa irabu wala toni (kupanda na kushuka kwa sauti), na herufi fulani zikikaa pamoja huzaa sauti ambayo haikuandikwa. Kwa hiyo jifunze kwa sikio kwanza, kitabu kifuate.

Maelezo haya yamelenga hasa watoto wa familia zilizoikimbia Burundi 1972, zikakaa kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba au Mishamo nchini Tanzania, kisha baadhi zikahamia Marekani. Kwenye nyumba nyingi za namna hiyo Kiswahili kilishika na Kirundi kikabaki kwa wazee. Yatawafaa pia Watanzania na Wakongo waliooa au kuolewa na Warundi. Mwenye Kiha cha Kasulu au Kibondo ana bahati, maana Kiha na Kirundi ni lugha zinazoelewana. Huyo atahitaji kuzoea tahajia tu.

Herufi zinazodanganya

Q na X hazitumiki. L utaiona kwenye majina ya kigeni. Mahali pake pamekaliwa na R. Kulima ni "kurima", shule ni "ishure", mchele ni "umuceri". R hiyo ni ya kugusa ulimi mara moja nyuma ya meno ya juu, usiiviringishe. P peke yake ni nadra, utaikuta zaidi kwenye "mp" na "pf", kama "gupfa", yaani kufa. Katika "pf" midomo hufunga kwa P na kufunguka kwenye F bila irabu katikati. Ukisema "gupufa" umeongeza silabi.

C ni CH yetu, siku zote. "Icayi" ni chai, "cane" ni sana na husomwa "chane". Cibitoke ni "Chibitoke", Cankuzo ni "Chankuzo", na jina la mfalme Mwambutsa wa Nne, Bangiricenge, huishia na "chenge". Waliosomea Ulaya au Marekani huisoma C hii kama K kwa mazoea ya shule. Ni kosa jepesi kuliondoa, lakini ndilo linalosikika kwanza.

J si ile ya "jana". Ni laini, kama J ya Kifaransa: tamka SH, kisha iache koo ingurume. Jaribu na "jewe" (mimi) na "ijoro" (usiku). B nayo ni nyepesi kuliko yetu. Katika "umugabo" midomo hukaribiana bila kubana, hewa ikipita katikati. Weka kidole kwenye midomo: ukihisi imefungwa kabisa, umetamka B ya Kiswahili. Ikitanguliwa na M, kama katika "imbeba" (panya), hapo midomo hufunga kweli.

MP, NT na NK: hapa ndipo wengi hukwama

Andika "umuntu", "impene" (mbuzi) na "inka" (ng'ombe). Mswahili atatamka T, P na K kama zilivyo. Mrundi hazitamki hivyo. T inayeyuka, inabaki N yenye pumzi: "umunhu". "Impene" husikika kama "imhene", na "inka" kama "ing'ha". Waliokulia Usukumani wanaijua sauti hii, maana Kisukuma huiandika waziwazi: "munhu". Kirundi kinaitamka bila kuiandika.

Ili kuipata, weka kidole kati ya pua na mdomo wa juu. Sema "abantu" kwa njia ya Kiswahili, kidole hakitahisi kitu cha maana. Kisha anza N, na kabla ya kuimaliza sukuma pumzi kama unayehema. Ukihisi upepo kwenye kidole, umekaribia. Rudia na "intama" (kondoo), "inkoko" (kuku) na jina la kifalme Ntare. Fanya maneno kumi kila siku kwa wiki nzima kabla ya kusonga mbele. Ukiruka hatua hii utaeleweka, ila kila sentensi yako itakuwa na lafudhi, kwa kuwa NT na NK zimo kila mahali.

W inayoficha sauti

W ikifuata konsonanti, sauti ya kooni huingia katikati yao. Soma hivi:

"umwana" – umng'wana
"ubwato" (mtumbwi) – ubgwato
"umutwe" (kichwa) – umutkwe
"Rwagasore" – Rgwagasore
"imbwa" (mbwa) – imbgwa

Kisukuma kinatusaidia tena hapa, kwani mtoto huko ni "ng'wana", na jina la Ng'wanamalundi limesikika mbali. Kirundi huanza na M, midomo imefungwa, kisha hupita kwenye NG' hiyo hiyo. Kosa la kawaida ni kuitia sauti hii nguvu mno hadi ikawa silabi ya peke yake, "u-mu-ngu-wa-na". Iguse tu na uiache.

Y nayo ina mambo yake. "Imyaka" husikika karibu na "imnyaka". Katika "kurya" (kula), baada ya R husikika kitu kama DY laini. "Vy" ya "vyiza" na ya Muramvya isikatwe ikawa "viya". Itoke kwa pigo moja.

K inapogeuka G

Hii ni kanuni ya matamshi iliyoingia kwenye tahajia, na huwapotosha Waswahili wanaoandika ujumbe. Kiambishi "ku-" huwa "gu-" kikifuatwa na konsonanti isiyo na mngurumo: c, f, h, k, p, s, t. Ndiyo maana ni "gusoma", "gukora", "gutwara", "guhinga", lakini "kugenda", "kurima", "kuvuga". Vivyo hivyo "iki-" huwa "igi-": "igitabo", lakini "ikirago" (mkeka). "Tu-" ya sisi huwa "du-": "turima", lakini "dukora". Kukiwa na N katikati kanuni hailazimishi, ndiyo maana kitu ni "ikintu". Ukishaizoea hutahitaji kukariri, ulimi wenyewe utakataa "kusoma".

Urefu na toni

Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Mkazo huo uache mlangoni. Kirundi huendeshwa na irabu ndefu na fupi, na sauti ya juu na ya chini. "Gusiga" yenye I fupi ni kuacha nyuma; I ikivutwa ni kupaka. "Inda" ni tumbo, na kwa toni nyingine ni chawa. "Umuryango" ni mlango, na pia ni familia. Hata wakati hubadilika kwa toni tu: tendo la leo na tendo la zamani huweza kuandikwa herufi kwa herufi sawa, sikio ndilo linaloamua.

Kuna kanuni mbili za kupunguza mzigo. Irabu iliyo mbele ya mb, nd, ng, nt na wenzake huwa ndefu: E ya "kugenda" ivute. Irabu ya mwisho wa neno huwa fupi, na mwisho wa sentensi mara nyingi hunong'onezwa tu. Mgeni hudhani haikutamkwa. Zinazobaki utazipata kwa kusikiliza. Vitabu vya sarufi huziandika irabu ndefu mara mbili au huzitia alama, na toni ya juu hupewa kimshale juu ya irabu. Chagua kitabu chenye alama hizo hata kama kinachosha macho. Kisicho nazo kitakufundisha kusoma kimya tu.

Usichanganye na Kinyarwanda

Mtandaoni utapata masomo mengi ya Kinyarwanda kuliko ya Kirundi, na lugha hizi mbili zinaelewana vizuri. Lakini tahajia hutofautiana: Rwanda huandika "cyane", "icyayi", "byiza", Burundi "cane", "icayi", "vyiza". Ukiona CY au BY imejaa kwenye ukurasa, hicho ni Kinyarwanda. Kwenye simu na programu tafuta jina Rundi au alama "rn". Sauti za BBC Gahuza ni nzuri kwa masikio, ila watangazaji wake ni wa lugha zote mbili. Sikiliza kwanza ujue nani anasema nini.

Mazoezi ya nyumbani

Dakika 15 kila siku zinatosha. Mwombe mzee mmoja, awe shangazi, babu au jirani aliyekulia Burundi, akurekodie maneno 20 kwa simu. Usimwombe asome taratibu. Mtu akipunguza mwendo hukata silabi, na urefu wa irabu hupotea pamoja na pumzi ya NT. Mwombe aliseme neno ndani ya sentensi fupi, mara mbili, kwa mwendo wake wa kawaida. Nyimbo zitakusaidia kwa maneno, ila kwa toni usizitegemee, kwani muziki huivuta toni unakotaka.

Anza na majina ya ukoo, maana utayatamka maisha yako yote: Ndayishimiye, Nshimirimana, Hakizimana, Niyonzima. Fuatisha na salamu: "Amahoro" haina shida, "Mwaramutse" ina MW na TS, "Mwiriwe" ina MW nyingine. Rekodi sauti yako mara tu baada ya ile ya mzee, usikilize zote mbili mfululizo. Sahihisha kosa moja tu kwa siku.

Baada ya wiki nne jipime kwa sentensi hizi tatu mbele ya mzee huyo:

"Umwana arya inyama n'umuceri." Mtoto anakula nyama na wali.
"Abantu batanu baguze impene." Watu watano wamenunua mbuzi.
"Twese dutwara ibitabo." Sote tunabeba vitabu.

Ya kwanza hupima MW, RY na C. Ya pili hupima NT, MP na B nyepesi. Ya tatu ina TW mbili, na ukisoma "tutwara" badala ya "dutwara", rudi kwenye kanuni ya K na G. Mzee asione maandishi. Akikurudishia kila sentensi kwa Kiswahili bila kuuliza, anza kitabu.